Kumsimulia Furaha Mji Wake wa Toledo

Tarehe 9 Februari 2021 dada yangu Furaha alifariki huko Toledo, Hispania, akazikwa kesho yake bila ndugu hata mmoja kusimama kaburini. Mimi nilikuwa Sydney, ghalani, nafunga maboksi. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, na hata ningepata ruhusa ya kutoka, hakuna aliyeweza kuniambia ningeruhusiwa lini kurudi. Habari ilinifikia wakati wa chai. Nilirudi kwenye maboksi nikamaliza zamu, kwa sababu sikujua mtu hufanya nini kingine.

Nyinyi wa jumuiya yetu ya Fairfield, hapa Sydney, mnakumbuka. Hamkuruhusiwa kuingia ndani wote, mkasimama uani na barakoa zenu, mkaimba, mkaacha sufuria za sombe ya majani ya muhogo na ugali mlangoni. Sikuwashukuru vizuri. Na tangu nirudi kutoka safari mnaniuliza, "Baba Neema, ilikuwaje?" nami najibu, "Ilikuwa vizuri." Mama Zawadi amesema hilo ni jibu la mtu aliyeficha nyama. Basi naandika. Nilisoma mpaka darasa la sita kwetu Uvira, na Kiswahili cha kuandika nilikinyoosha katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Penye makosa mnisamehe. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Binti yangu Neema aliyamaliza kwenye simu yake, mimi nilitia sahihi tu.

Kwa nini nilikwenda

Furaha alikuwa mtawa, jina lake la utawa Sista Inesi, lakini si wa wale mnaowaona wakiendesha gari na kufundisha shule. Alikuwa wa wale wanaofunga mlango na hawatoki tena. Masista kutoka Kenya walimchukua kambini akiwa msichana, wakamlea katika wito, kisha akapelekwa Toledo, katika nyumba ya watawa iliyokuwa imebaki na vikongwe watupu. Wanaishi kwa sala na kwa kutengeneza vitamu vya lozi na sukari, ambavyo mji ule unasifika kwavyo. Tuliongea kwa simu Krismasi na Pasaka. Mara ya mwisho alinichekesha.

"Kaka, nakaa Toledo lakini Toledo siijui," alisema. "Naona mapaa na minara tu. Watu wanatoka Japani kuja kuutazama mji, mimi niliye ndani yake siujui. Siku ukija, uzunguke kwanza, halafu uje uniambie mji wangu ukoje."

Nikamwambia nitakuja. Mtu husema hivyo.

Lakini sikwenda kutembea tu. Mama yetu yuko Uvira, na tangu siku ile ya Februari alikuwa akilala chini. Kwetu mama wa marehemu hushuka kitandani, akalala mkekani mpaka mtu wa damu ashike udongo wa kaburi, aseme na marehemu, aumwage tena juu ya kaburi. Kwa kawaida ni usiku mmoja au miwili. Kwa Furaha hakukuwa na wa kuushika. Mama alizaa watatu. Mdogo wetu wa mwisho alitangulia zamani, Furaha akamfuata, nimebaki mimi, nami niko mwisho wa dunia. Padri na majirani walimwambia mama kwamba korona imebadilisha mambo. Akawajibu kwamba korona haikumzalia mtoto, isimpangie namna ya kumlilia.

Anayekaa naye ni shemeji Riziki, mjane wa mdogo wetu. Riziki alikuwa akinipigia simu na kuisogeza karibu na mkeka ili nisikie kikohozi. Muuguzi wa zahanati alishasema sakafu ile ya saruji itammaliza. Siku moja mama mwenyewe alichukua simu.

"Bahati, njo weye?"

"Ndiyo mimi, mama. Panda kitandani, nakuomba."

"Miye sina haraka. Na udongo hauna haraka. Mtu wa tumbo langu akiushika, nitapanda. Na umebakia weye tu."

Mipaka ilipofunguka nikaomba likizo. Mei 2022 nikaondoka.

Jirani niliyemkuta angani

Uwanja wa ndege wa Sydney siku ile ulikuwa kama umesahau kazi yake. Mistari ilijikunja mpaka nje ya milango. Ukikohoa, watu wanakupisha. Ndege yetu ilicheleweshwa, ikatangazwa, ikacheleweshwa tena. Neema alinisindikiza mpaka akachelewa kazini. Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, kama watoto wenu. Aliniambia kwa Kiingereza, "Baba, ukifika kule usikae kimya kama unavyokaa nyumbani." Nikamwambia sawa.

Kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mnene mwenye nywele nyeupe, barakoa yake imeshonwa maua. Jina lake Gladys, mzaliwa wa Chile. Tulipoulizana makazi, kumbe anakaa Fairfield, mtaa wa pili kutoka kwetu, na mkate ananunua duka lile lile ninalonunua mimi. Miaka yote hiyo hatukuwahi kusalimiana, mpaka tukutane juu ya jangwa.

"Unakwenda kufanya nini Hispania?" aliniuliza.

"Kutembea. Kuona mji."

Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote, na iliniwasha kama shati jipya. Akafungua mfuko wake, akanipa kitu kama sambusa kubwa ya kuoka, ndani nyama, zeituni na yai. Chakula cha ndege alikiita dhambi. Yeye alikuwa anakwenda Madrid kumwona dada yake ambaye hawajaonana tangu kabla ya korona.

Kwa sababu ya kule kucheleweshwa, tulipofika Doha ndege ya Madrid ilikuwa imeondoka. Tukapewa vikaratasi vya chakula na kuambiwa tungoje. Tulipewa biriani; Gladys alitafuna pilipili akalia machozi, mimi nikala sahani zote mbili. Alipokuwa akijifuta uso ndipo nikamwambia ukweli wote, juu ya Furaha na mama na mkeka.

Akanishika mkono. Nilishtuka. Tangu korona ianze hakuna mtu nisiyemjua aliyekuwa amenishika mkono.

"Sikiliza," akasema. "Ukifika kwa watawa hao, useme. Wahispania hawakuulizi. Wanadhani mwenye shida anao mdomo."

"Nitasema."

"Hutasema," akasema Gladys. "Nimekuona ulivyoomba chumvi."

Kweli, kwenye ndege nilikuwa nimeitazama chumvi yake mpaka akanipa.

Mji juu ya mwamba

Madrid, Gladys na dada yake walinipeleka mpaka kwenye treni. Walikuwa wameshikana viuno kama wasichana, wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja. Niliwatazama dirishani mpaka treni ilipokata kona. Sikuona wivu. Nilifurahi kwamba bado kuna watu wanaokutana.

Toledo si mbali. Unauona kabla hujafika: mwamba mmoja mkubwa, mto umeuzunguka karibu pande zote, na juu yake nyumba za rangi ya mkate uliookwa zimepandana mpaka kwenye minara. Wameweka ngazi za umeme mlimani ili wazee wasife njiani. Nilisimama juu ya ngazi zile na begi langu nikamfikiria Furaha, alivyofika hapa msichana, mlango ukafungwa.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aitwaye Doña Encarna. Hajui Kiingereza, mimi sijui Kihispania. Tatizo hilo alilitibu kwa kuongea kwa sauti kubwa zaidi. Jioni, njaa ikiniuma, nikashuka nikamwonyesha tumbo. Akanionyesha saa, akatikisa kidole. Nikadhani nimechelewa chakula. Nikapanda nikalala na njaa yangu. Baadaye sana akagonga mlango kwa hasira: chakula kilikuwa kinapoa. Kumbe kule watu hula wakati sisi tumeshaota ndoto ya kwanza. Aliniwekea makombo ya mkate yaliyokaangwa na kitunguu saumu na vipande vya nyama. Nilipoona makombo nikahuzunika, nikadhani wenzangu wamekula mkate nikaachiwa hayo. Nilipoonja nikajua nimekosea. Niliomba tena, kwa mkono.

Kabati lisiloona

Asubuhi nikaenda kwa watawa. Neema alikuwa ametuma ujumbe kupitia padri wetu wa Fairfield, na jibu lilikuwa fupi: karibu sana, aje apige kengele kwenye mlango wa vitamu.

Ni mlango mzito katika ukuta mrefu usio na madirisha. Ndani kuna ukumbi mdogo wenye ubaridi, na ukutani kabati la mbao la duara, kama pipa lililosimama, lenye uwazi upande mmoja. Watawa wako nyuma ya ukuta. Unapiga kengele, sauti inakuuliza unachotaka, kabati linazunguka, boksi lako linakuja. Mtu humwoni, naye hakuoni.

Nikapiga kengele. Sauti ya kikongwe ikasema maneno ya sala, kisha ikauliza kitu. Nikamsalimia kwa Kihispania alichonifundisha Gladys. Nikanyamaza, nikangoja.

Nyinyi mnanielewa, lakini wengine itabidi niwaeleze. Kwetu mgeni wa msiba hajitangazi mlangoni. Unafika, unasimama, wenyeji wanakutazama usoni, wanasema, "Karibu, umetoka wapi?" Hapo ndipo unafungua kinywa. Ukianza wewe, unakuwa kama mtu aliyekuja kudai. Na mimi na Furaha tulifanana mno; kambini watu walisema tumetoka katika ganda moja kama maharagwe. Nilikuwa na hakika wakiniona watajua. Nikavua barakoa, nikausogeza uso wangu mpaka mbele ya kabati.

Kabati lile ni mbao tupu. Halina hata tundu la sindano.

Kikongwe akauliza tena. Nikasema "ndiyo". Kabati likazunguka, likaja na boksi kubwa la vitamu. Nikaweka hela, likazunguka zikaenda. Nikatoka nje nimebeba boksi.

Siku ya pili nikarudi. Ilikuwa vile vile, nikatoka na boksi la pili. Doña Encarna alipoyaona mawili mezani akafurahi kwamba amepata mgeni anayependa sukari, na toka hapo kila mlo aliniongezea bakuli la maziwa ya mchele yenye mdalasini. Neema akapiga simu.

"Baba, umewaambia wewe ni nani?"

"Hawajaniuliza."

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akanijibu kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili: "Baba. Nani ataona wewe? Ukuta?"

Mchana ule nikarudi mara ya tatu. Nilikuwa nimechoka, jua la kule linapiga kichwani. Nikavuta kengele, kimya. Nikavuta tena, kimya. Ulikuwa wakati wao wa kupumzika, nami sikujua. Nikaona safari yote imeishia pale, na mama yuko chini mkekani. Nikaegemea kabati, nikaligonga kwa vidole kama ninavyogonga mlango wowote wa mtu, nikasema bila kufikiri:

"Hodi."

"Karibu," kabati likajibu.

Nadhani hata aliyejibu alishtuka kwa alichokisema. Kisha sauti ya kijana, ya kike:

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Bahati. Kaka yake Furaha. Sista Inesi wenu."

"Aki Mungu!" ikasema sauti. "Si tunakungoja tangu wiki ianze! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Nimenunua vitamu."

"Kwani wewe ndiye yule mwanamume wa maboksi makubwa? Sista mzee ametuambia kuna mtalii anakuja kuhema mlangoni, haongei. Tumekuombea sana, tukadhani una shida ya akili."

Akacheka, nami nikacheka, halafu wote wawili tukawa tunalia, kila mtu upande wake wa mbao. Jina lake Sista Teresia, mtu wa Kitui. Ndiye aliyemuuguza Furaha, na Furaha ndiye aliyemfundisha kukanda lozi. Nikamweleza kilichonileta. Nilieleza mambo ya mkeka vibaya na kwa kurudiarudia, lakini nilieleza. Akaniambia ningoje.

Nilingoja sana. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Mama mkuu anakupa pole. Kaburi liko bustani ya ndani, na ndani mtu wa nje haingii. Korona ilichukua watatu hapa, bado anaogopa. Nimemwomba, amesema hapana."

"Nimeelewa," nikasema.

"Hujaelewa, ngoja nimalize. Amesema wewe huwezi kuingia. Hajasema udongo hauwezi kutoka. Njoo kesho baada ya misa. Na sasa nenda ukatembee. Sista Inesi alikuwa akituambia kila siku: kaka yangu atakuja, atazunguka mji, atatueleza ulivyo. Usije hapa kesho na habari za vitamu peke yake."

Kuutazama mji kwa niaba

Nilikuwa nimepita mitaa ile siku mbili macho yakitazama mawe ya chini. Sasa nilitembea kama mtu aliyetumwa sokoni, najirudia moyoni ili nisisahau kitu.

Nilianza na daraja la kale, la mawe, lenye mnara kila upande. Mto chini ni wa kijani, unakwenda polepole, na bata walikuwa wamesimama juu ya mawe. Nikapanda tena mjini. Vichochoro vyake vimebana kiasi kwamba gari likipita dereva hukunja vioo vyake kama masikio, na watu wanajibana milangoni. Mzee mmoja tulijibana naye mlango mmoja, tumbo kwa tumbo, akanipa pole kwa Kihispania, nikampa pole kwa Kiswahili.

Katika kanisa kuu nyuma ya altare wametoboa dari ili jua liingie, na lilipoingia malaika wa mawe walionekana wanasogea. Nikakaa pale mpaka mlinzi akaja kunitazama. Kuna msikiti mdogo wa matofali ambao ulikuja kuwa kanisa. Kuna sinagogi jeupe lenye nguzo na matao mengi, ukiingia unadhani ni msikiti, nalo likawa kanisa, na leo hakuna anayesali humo, watu wanapiga picha tu. Nikawaza jinsi watu walivyofukuzana humu, dini kwa dini, na kuta zikabaki. Sisi wa Uvira tunajua habari ya kufukuzwa. Sikujua kama mawe nayo yanaweza kuhama dini yakiwa yamesimama mahali pamoja.

Madukani wanauza panga za mapambo, na dirisha moja lilikuwa na watawa wadogo waliotengenezwa kwa lozi na sukari, wamekaa mezani wanakanda lozi na sukari. Jioni mbayuwayu wakajaa angani, wakipiga kelele juu ya mapaa. Hao Furaha aliwaona.

Udongo

Kesho yake baada ya misa nikagonga, nikasema hodi kabisa. Sista Teresia akanikaribisha. Nikasikia nyayo nyingine nyuma yake, na pumzi za wazee.

Kabati likazunguka. Safari hii halikuwa na boksi. Lilikuwa na sinia la bati, lile lile wanalookea vitamu, na juu yake udongo. Mwekundu kidogo, mkavu, una vijiwe na jani moja.

Nikapiga magoti. Nikauchukua kwa mkono wa kulia, ukajaa kiganja.

Kwetu unamwambia marehemu habari za nyumbani. Nikamwambia: Furaha, ni kaka yako. Nimechelewa. Mama yupo, anakohoa, lakini yupo. Neema amekuwa mtu mzima, hajibu Kiswahili mpaka akasirike. Halafu nikamweleza mji wake. Nikamwambia mto ni wa kijani na una bata. Nikamwambia magari yanakunja masikio. Nikamwambia juu ya tundu la jua na malaika wanaosogea, na makombo ya mkate ya Doña Encarna, na lile sinagogi lenye matao. Nyuma ya ukuta Sista Teresia alikuwa akiwatafsiria wenzake kwa sauti ya chini. Nilipofika kwenye watawa wa lozi dirishani, nikasikia vikongwe wanacheka. Mmoja akauliza kitu.

"Anauliza," akasema Sista Teresia, "yule muuza maua pale uwanjani bado yupo? Alimwona akiwa msichana, kabla hajaingia humu."

"Nimeona muuza maua. Ni mwanamke kijana."

Ikatafsiriwa. "Anasema atakuwa mjukuu wake. Ameshukuru."

Nikaurudisha udongo kwenye sinia. Nikajifuta mkono kwa leso. Kabati likazunguka, likaenda. Baadaye ikasikika kengele ndogo bustanini, kama Sista Teresia alivyoniahidi, kuonyesha kwamba umemwagwa.

Nikampigia mama pale pale. Riziki akampa simu.

"Mama, nimeshika udongo wa Furaha."

"Umeumwaga?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno moja, na angepanda kitandani siku ile ile. Nililiona neno lile limekaa mdomoni, tayari.

"Hapana, mama. Nimeushika, nimesema naye. Mimi siruhusiwi kuingia. Aliyeumwaga ni sista."

Nilisikia kuku wa Uvira, na kikohozi.

"Huyo sista ni mutoto wa nani?"

"Simjui, mama. Ni wa Kenya. Ndiye aliyemuuguza."

"Nipe yeye."

Nikaiweka simu kwenye kabati. Likazunguka. Nikabaki ukumbini mikono mitupu. Niliyasikia ya upande mmoja tu: "Ndiyo, mama… Uji, mama, alikuwa anaweza uji… Mimi na mwenzangu, mama. Maji ya moto… Hapana, hakuogopa… Aliimba." Halafu ukimya mrefu, halafu, "Haya, mama. Asante, mama."

Kabati likaniletea simu, na kando yake boksi dogo.

"Hili ni zawadi, usilipe," akasema Sista Teresia. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Mama yako ni mkali. Ameniuliza kila kitu, hadi nani alimfunga Furaha kidevu."

"Amesemaje?"

"Hajasema."

Nikaweka simu sikioni. "Mama?"

"Nimesikia," akasema. "Rudi salama." Akakata.

Kurudi

Kwa hiyo niliondoka Toledo bila kujua kama mama atapanda kitandani. Doña Encarna alinifungia makombo ya kukaanga kwenye karatasi, akanipiga mgongoni mara nyingi. Njia nzima nilikuwa nawaza mkeka. Riziki hakupatikana, mtandao wa Uvira ulikuwa umepotea, kama unavyopotea.

Sydney, kabla ya kutoka uwanja wa ndege, wanakuuliza kama umebeba chakula, mbegu au udongo. Nikasema nina vitamu vya lozi, na nina udongo. Afisa alikuwa binti wa umri wa Neema.

"Udongo kiasi gani?"

Nikampa leso. Ndani ya mikunjo kulikuwa na ule niliojifuta mkononi, hata kijiko haujazi. Akauliza ni wa nini. Nikamwambia. Akaitazama leso, akanitazama mimi, akasema samahani, hauwezi kuingia nchini. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimesema. Akavuta ndoo ya plastiki yenye kifuniko, akataka kuikung'uta leso mwenyewe, kisha akasita.

"Unataka kuumwaga wewe?" akauliza.

Nikaumwaga mimi. Nikasema jina la Furaha, si kwa sauti. Afisa akaichovya leso katika dawa, akanirudishia imelowa, vitamu akaviacha vipite.

Neema alikuwa ananisubiri nje. Tulipofika karibu na Fairfield simu ikalia. Alikuwa Riziki, anaongea kwa kunong'ona.

"Shemeji, jana alikunja mkeka mwenyewe. Hakusema kitu kwa mtu. Akaniambia nimshike mkono, akapanda."

"Amelala?"

"Amelala wapi! Amegeuka usiku kucha. Mgongo umezoea sakafu. Msikilize."

Akasogeza simu. Nikasikia mama yangu akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamka vibaya, ni nani amekilegeza kitanda chake.